Damu ya Siku ya Kumi na Tisa

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mama akiukanda mguu wa wifi yangu Muattar kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, jekundu, ngozi imekaza.

"Mama, acha kukanda, tafadhali."

"Mafuta yanatoa baridi."

"Kama damu imeganda humo, ukiikanda inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu."

Mikono yake ikasimama. Muattar, mtoto akiwa kifuani, alinitazama usoni, nami sikuweza kuficha hofu.

Nilitaka kupeleka damu yake maabara ya kliniki, nilikoajiriwa baada ya chuo. Kule tungetafuta vipande vidogo ambavyo damu iliyoganda huviacha inapoyeyuka. Lakini ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu ajifungue, na hapa mjini kwetu Margilan, mpaka siku arobaini ziishe, nyumba ya mzazi haitoi kitu nje, hata chumvi.

"Chumvi haitoki, damu ndiyo itoke?" mama aliuliza. "Miaka minne ya chuo, kumbe ulisomea wizi."

"Mama," Muattar alisema taratibu, "mguu ni wangu. Unauma."

Mama akafuta mafuta mikononi. Kisha akasema, "Itatoka na mimi. Ikiwa kifuani pangu, haijaenda kwa wageni."

Nikamtoa Muattar damu, na mama akaibeba ile chupa ndogo kifuani, ndani ya kitambaa, pamoja na pilipili kavu ya kufukuza kijicho. Nikamfuata nikiomba asijikwae.

Majibu yalitoka juu sana.

"Mama, sitakudanganya. Majibu ya mwanamke aliyetoka kujifungua huwa juu hata akiwa mzima. Yangekuwa chini, tungelala usingizi. Sasa lazima apigwe picha ya mishipa, leo."

"Yaani nilitoa damu, sasa nimtoe na mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Aliketi kwenye benchi, akakikunja kile kitambaa. "Mwambie kaka yako alete gari mpaka mlangoni. Na mtoto aje, asilie njaa."

Kwenye chumba cha picha daktari alibonyeza paja la Muattar kwa kifaa cha kupigia picha. Mshipa haukubonyea.

"Damu imeganda hapa," alisema.

"Nimemkanda siku tatu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Imepanda?"

Daktari alimuuliza Muattar kama kifua kinabana. Muattar akatikisa kichwa kukataa.

"Inaelekea bado iko hapa hapa. Tunaanza sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, sasa hivi."

"Basi mchome," mama alisema, akimpokea mtoto, "kabla sijauliza tena kama imepanda."