Sauti ya Ombui Yaachiliwa

Ijumaa alasiri Nyanchera alikuwa ameinama kwenye jiwe, anamalizia kusaga unga wa wimbi kabla Sabato haijaingia, sauti ya mwanawe ilipofika jikoni. Ilikaa pale juu panapokaushwa mahindi, ikasema, "Nalala vizuri, daktari. Siku hizi siuoti tena ule moto."

"Karibu, Ombui," Nyanchera akasema, akaendelea kusaga.

Ombui mwenyewe alikuwa gerezani, ng'ambo ya mashamba ya pareto, na hakuwa ametoka.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1968. Zamani kidogo malaria ilimpanda Ombui kichwani, akachoma ghala la chifu. Hakimu akasema kweli amechoma, lakini akili hazikuwa zake, basi akae ndani mpaka wakubwa waridhike kwamba amepona. Malaria yenyewe ilimtoka mwezi uleule. Wakubwa walikuwa bado hawajaridhika.

Gerezani paliletwa mpango mpya wa kuwarekebisha wafungwa wagonjwa wa akili. Asubuhi walisuka vikapu, na kila msimu daktari mtafiti alikuja kutoka Nairobi kuwauliza maswali. Aliyejibu sawasawa alikwenda kwao. Daktari hakujua Kikisii, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo aliyefasiri ni Ratemo, askari jela, maana ndiye peke yake aliyekuwa na Kiingereza. Na Ratemo alikuwa baba mkwe wa Ombui.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mkwe ni mkwe hata akivaa kofia ya serikali. Daktari alitaka kujua mtu analalaje, anaota nini, anamtamani mkewe au hamtamani. Ni Mgusii gani aliyelelewa vizuri atayatamka hayo mbele ya baba wa mke wake? Ombui aliangalia sakafu. Ratemo, akishalifasiri swali kwa taabu, aliangalia dirisha. Siku moja alijikaza akamweleza daktari kwamba huyu ni mkwe wake. Daktari alifurahi sana. Alisema mgonjwa akiwa karibu na jamaa yake hupona upesi, kwa hiyo Ratemo asibadilishwe kamwe.

Basi majibu ya Ombui, kwa kukosa pa kutokea kule, yakawa yanakuja kijijini Manga kwa mama yake.

Gesare, jirani, alikuja kuomba moto akaisikia sauti.

"Mwanao siku hizi ana maneno kuliko redio ya dukani kwa Onsongo."

"Amenyamaza sana. Mwache aseme."

"Na wakati wa kulima je? Sauti inashika jembe?"

"Inamwomba Mungu," Nyanchera alisema. "Wako anashika jembe na haombi."

Gesare alicheka mpaka kaa la moto likamponyoka. Alipoliokota akasema, "Lakini dada, haya anayoyasema hapa si ndiyo wanayoyataka kule? Mbona usiwapelekee?"

Nyanchera aliliweka neno hilo mbele za Mungu, akaona ni la busara. Daktari aliporudi gerezani, mama huyo alisugua kibuyu cha maziwa kwa majivu, akangoja sauti iingie na kumaliza Zaburi yake, akaiziba humo kwa jani la mgomba, akakibeba hadi gerezani. Langoni askari wa zamu alizibua apekue.

"Bwakire," sauti ikamwamkia.

"Bwakire buya," askari akaitikia, akaziba. Zilizokatazwa zilikuwa sigara na sabuni.

Ombui alikuwa ameketi chini, miguu mitupu, mashavu yameingia ndani. Alipomwona mama yake alifungua kinywa, kisitoke kitu.

"Daktari," Nyanchera akasema, "majibu ya mwanangu yote yamo humu."

Ratemo akafasiri. Daktari akavuta kiti, jani likaondolewa. Ratemo aligeukia ukuta kwa ajili ya heshima, lakini hakukataa kazi, kwa kuwa kibuyu hakikuwa kimeoa kwake.

Sauti ilijibu kila swali. Ilisema inalala vizuri, inalijutia ghala la watu, inamkumbuka mkewe kama mwanamume anavyomkumbuka mkewe. Hapo Ratemo alikohoa, kisha akafasiri. Daktari akasema tangu mpango uanze hajapata mgonjwa aliyepona namna hii.

Wakubwa waliketi, wakaridhika. Mkuu wa gereza alitoka mwenyewe kumpa Nyanchera mkono.

"Hongera, mama. Sauti imepona kabisa. Tumeiachilia."

"Na Ombui?"

"Huyo hajajibu hata swali moja. Tena daktari anasema sasa hana sauti kabisa. Hiyo ni dalili mbaya kuliko ya kwanza."

"Basi nimrudishie. Aimeze, ajibu."

"Mama, iliyoachiliwa hairudi ndani bila kosa. Hiyo itakuwa ni kuvunja sheria."

Nyanchera alimtazama Ratemo. Ratemo alivua kofia, akaishika kifuani.

"Mama Ombui," alisema, "Kiingereza nilichofundishwa ni cha kuhesabu wafungwa na kuwaamuru. Cha kueleza heshima ya mkwe sikufundishwa."

Tangu hapo, siku za kuonana, Nyanchera huketi nje ya seng'enge na sauti kando yake. Ombui huja upande wa ndani, anachezesha midomo, na maneno yanatokea upande wa nje. Huulizana habari za ng'ombe, za mkewe, za somo la Sabato. Askari wamezoea. Mmoja wao, mcheshi, huwauliza kama wamembakizia salamu.

Msimu uliofuata daktari alikuja tena. Ombui akaitwa ofisini. Kupitia dirisha Nyanchera alimwona Ratemo akiuliza, akamwona mwanawe akiinamisha macho. Kando yake, nje ya seng'enge, sauti ilijibu swali baada ya swali, kwa adabu na kwa nguvu, wala haikukosea hata moja. Lakini upepo siku hiyo ulikuwa ukitoka ofisini kuelekea upande wa Sironga, ukayabeba majibu yote mbali na daktari.