Ng'ombe wa Bluu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo kama ukucha. Ilikuwa Jumatatu jioni, naosha pikapu ya shangazi kwa ndoo zangu mbili kama kawaida. Nilipofika mlango wa kushoto nikakuta umebonyea. Kubonyea si ajabu, gari lilikuwa la kazi. Lakini ndani ya mkwaruzo, chini ya kitasa, kulikuwa na rangi ya bluu. Nikaigusa. Kidole kikawa cha bluu, na gari letu lilikuwa jeupe.

Nikafuta kidole kwenye kanga, nikaendelea kuosha. Pale penye mkwaruzo sikupasugua. Sijui kwa nini, mkono tu ulikataa.

Shangazi yangu Generosa alikuwa mjane. Watu wa mtaani kwetu Makanyagio walimwita Mama Thadei, kwa jina la mwanawe aliyekuwa Tabora. Ile Pijo 404 aliinunua kwa fedha za karanga za miaka mingi, na ndiyo ilikuwa mume, shamba na duka. Ilibeba magunia na watu kutoka Magamba hadi stesheni ya Mpanda, siku za treni na siku zisizo za treni. Dereva alikuwa Osward. Mimi nilikuwa mpishi na mwosha gari. Shule niliacha darasa la tano mama alipougua, na alipofariki shangazi akanichukua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kama kulikuwa na watu zaidi ya wawili uani sauti yangu ilikuwa haitoki. Jina langu ni Pude, lakini Osward aliniita Bubu. Hakuniita kwa ubaya, alizoea tu, na mimi nikazoea.

Usiku ule, wakati wa kula, shangazi alimuuliza habari ya mlango.

"Ng'ombe wa Wasukuma, Mama," Osward akasema, akikata tonge. "Pale kwenye kona ya Magamba. Kundi zima barabarani. Mmoja akaniparamia, mweusi, pembe hivi." Akanyoosha mikono yote miwili. "Wa yule Manyanda. Nilipiga honi mpaka ikakauka."

"Na mchungaji?"

"Mdogo wake, Mwandu. Yuko mbele huko anapiga mluzi. Hata hakugeuka."

Nikatazama kidole changu. Kwenye kona ya ukucha bluu ilikuwa bado ipo. Nikakiingiza kwenye mboga.

Kesho yake shangazi alikwenda kwa wakala wa bima, karibu na soko. Miaka miwili alikuwa akilipa bima kubwa, watu wakimcheka kwamba gari bovu lina bima ya gari la mkuu wa wilaya. Alirudi na fomu imekunjwa ndani ya kitambaa, kama cheti cha ubatizo.

"Siku saba," akatuambia. "Tunajaza, tunapeleka polisi, halafu anakuja mkaguzi kutoka Sumbawanga. Mwenye ng'ombe anaandikwa jina, bima watadaiana naye wenyewe."

"Mama, hiyo ni safari ndefu kwa mlango mmoja," Osward akasema. "Mkaguzi akija baada ya wiki tatu, gari limelala uani, na mahindi ndiyo yanatoka. Mwite Manyanda mmalizane. Wale wana ng'ombe kama mchanga."

"Miaka miwili nalipa," shangazi akasema. "Sijapata hata kalenda."

Ikawa hivyo siku zote zile. Asubuhi anataka kudai, jioni anaona afadhali aache. Alikuwa akilizunguka gari, anaubonyeza ule mlango kwa kiganja, anaguna. Jirani mmoja alimwambia dai, haki yako. Mwingine akamwambia ukidai kidogo leo, siku ya ajali kubwa watakuambia ulishakula. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nilijua neno moja ambalo lingemaliza yote, na kila nilipolileta mdomoni lilirudi chini.

Manyanda alikuja mwenyewe Jumamosi, kabla hajaitwa. Alikuwa mtu mrefu, amevaa koti zito pamoja na jua lile, na nyuma yake Mwandu alikuwa amemshika mtamba mwekundu kwa kamba. Mtamba alikuwa na mimba, tumbo limeshuka. Walisimama nje ya ua mpaka shangazi alipowakaribisha.

"Mwadila, mama," Manyanda akasalimu kwa Kisukuma.

"Karibuni. Mketi."

Hakuketi. "Mama, nimesikia ng'ombe zangu zimeumiza gari lako. Mimi sikuwepo. Huyu mdogo wangu anasema alisikia honi nyuma yake, hakuona kitu. Lakini sisi ni wageni hapa. Tumekuja na mifugo, na kila kitu kikivunjika njiani wanasema ni mifugo. Mgeni hagombani na gari. Nimesikia pia una karatasi ya kupeleka polisi. Ikifika kule watamchukua Mwandu, na akishachukuliwa sijui nitamtoa lini. Basi chukua mtamba huyu, yaishe hapa hapa."

Mwandu alikuwa anatazama chini. Kamba alikuwa ameizungusha mkononi mara tatu, kama mtu asiyetaka kuiachia.

"Si nilikwambia, Mama?" Osward akasema. Alikuwa amekaa juu ya gurudumu la akiba, anachokonoa meno. "Waungwana hawa. Chukua."

Shangazi alimtazama mtamba muda mrefu. Yeye ni mtu wa karanga, ng'ombe hakuwahi kuwa naye. Niliona macho yake yakipima lile tumbo, nikaona pia aibu ikipita usoni mwake.

"Sikuja kutafuta ng'ombe wa mtu," akasema. "Nilitaka bima yangu. Lakini kufunga mtu nako sikutaki." "Pude, lete fomu na kalamu. Tuisome hapa, sote tusikie inataka nini. Kisha nitaamua: naipeleka, au nachukua mtamba, au naacha vyote."

Shangazi hakujua kusoma. Osward alijua, lakini mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Mwandiko wangu ndio ulikuwa mzuri pale nyumbani, mwalimu wa darasa la nne aliwahi kuuonyesha darasa zima. Nikaweka fomu juu ya ungo uliogeuzwa. Nikafuta mikono kwenye kanga.

Mimi nasoma polepole, kwa kidole, neno kwa neno. Nikaanza.

"Sauti, Bubu," Osward akasema. "Ukisoma hivyo tutamaliza Krismasi."

"Mwache," shangazi akasema.

Jina la mwenye gari, nikaandika. Namba ya gari, nikaandika. Siku na mahali pa ajali, Osward akajibu, nikaandika. Nikafika sehemu iliyosema: *Kilichogongana na gari. Aina. Rangi. Mwenyewe.*

"Aina, ng'ombe," Osward akasema.

Nikaandika ng'ombe.

"Rangi, mweusi. Mwenyewe, Manyanda wa Magamba."

Kalamu ikasimama. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na mistari midogo ambayo wakala hakumsomea shangazi. Sikutaka kuiruka, kwa sababu mimi sijui kuruka, nikiruka napotea. Nikaisoma kwa kidole mpaka mwisho: *Mimi mwenye gari nathibitisha kuwa yote niliyoeleza ni ya kweli. Nikionekana nimesema uongo, bima itafutwa na nitashtakiwa.* Chini yake palikuwa na nafasi ya dole gumba la shangazi.

Nilimtazama shangazi, na wino wa kuweka dole ambao alikwishauandaa kwenye kifuniko cha kopo. Nikamtazama Mwandu na kamba yake.

"Andika mweusi," Osward akasema tena.

"Hapa siwezi kuandika mweusi," nikasema.

Watu watano uani, na sauti ilikuwa yangu. Osward aliacha kuchokonoa meno.

"Unasemaje?" shangazi akauliza.

"Karatasi inauliza rangi, shangazi. Aliyegonga gari ni wa bluu."

Hakuna aliyecheka mara moja. Manyanda aligeuza kichwa taratibu, kama mtu anayesikia ng'ombe wake wakilia mbali.

"Binti yangu," akasema, "mimi ng'ombe zangu nazijua kwa rangi, hata gizani. Nina wekundu kumi na wanne. Nina wenye mabaka. Nina mmoja wa rangi ya majivu, nimemwachia shemeji yangu kule Inyonga analima naye. Mweusi ninaye mmoja, hana pembe tangu azaliwe. Wa bluu sina. Kama yupo, nionyesheni, nimnunue."

Hapo Mwandu akacheka, akafunika mdomo. Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama Osward mikono, ile mikono aliyoinyoosha Jumatatu kutuonyesha pembe.

Nikainuka. Nikaenda kwenye mlango wa gari. Nikalowesha kidole kwa mate, nikakwangua kwa ukucha ndani ya mkwaruzo chini ya kitasa, pale ambapo sikupasugua siku zote tano. Nikakiinua juu wote wakione.

"Bluu," Mwandu akasema.

"Geti la nani Mpanda hii limepakwa bluu Jumatatu?" shangazi akauliza polepole. Lakini hakuwa anauliza, maana Mpanda nzima ilijua. Mzee Libérat wa ghala, kule nyuma ya stesheni, alikuwa amepaka geti lake rangi ya bluu kama ya mbinguni, na kwa mkewe huuzwa pombe ya mtama.

Osward alivua kofia. "Mama," akasema, "nilikuwa natoka kunywa pale kwa Libérat, narudi nyuma. Nikaligusa geti, rangi ilikuwa bado mbichi. Nilifikiri nikisema ng'ombe hakuna anayeumia."

"Huyu haumii?" Shangazi akamwonyesha Mwandu. "Na dole gumba langu, ungeliweka wewe?"

Shangazi alichukua fomu kwenye ungo, akaikunja vizuri mara nne, akairudisha kwenye kitambaa.

"Sidai," akasema. "Mlango huu fundi Ambrosi ataunyoosha kwa nyundo, mchana mmoja. Bima yangu itabaki safi kwa siku ya ajali ya kweli, Mungu apishe mbali. Osward, Ambrosi utamlipa wewe. Na Jumatatu asubuhi unakwenda kwa Libérat unapaka geti lake upya. Ukimaliza ndipo utashika usukani." Kisha akamgeukia Manyanda. "Baba, mtamba wako ana mimba. Usimtembeze juani bure. Na unisamehe, nilimpima kwa macho."

Manyanda aliinama, akampa shangazi mkono kwa mikono yake miwili. Mimi pia akanipa. Hakuna mwanamume wa umri wake aliyewahi kunipa mkono hivyo.

Ambrosi alinyoosha mlango. Rangi nyeupe hakuwa nayo, na Osward alirudi kutoka kwa Libérat na kopo lenye bluu iliyobaki. Mlango wa kushoto ukawa wa bluu. Shangazi alilia kwanza, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Msimu ule Wasukuma wa Magamba hawakupakia mahindi yao kwenye gari lingine lolote. Walisimama na magunia kando ya barabara, magari mawili matatu yanapita tupu, wao wanasubiri. Ukiwauliza mnasubiri nini, wanakujibu, tunamsubiri ng'ombe wa bluu. Hata Osward akalipenda jina. Bubu hakuniita tena. Akiingia uani aliuliza, "Karani yupo?" na mimi niliitika.

Wanaosimulia habari hii husema nilijua tangu mwanzo na nikangoja kwa busara, kama mwindaji, mpaka uongo ufike kwenye wino. Shangazi husema hivyo. Manyanda, mtamba wake alipozaa salama, alisema hivyo mbele ya watu wengi, nami nikanyamaza nikasifiwa.

Sikungoja kitu. Niliogopa. Siku tano niliogopa, na kama fomu isingeuliza rangi, labda Mwandu angelala polisi na mimi nikipepeta mchele. Na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu ni hili: nilipokwisha kusema lile neno la bluu, uani kote kimya, sikuwa nafikiria gari wala mtamba wala bima. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu, na niliiona nzuri.