Kiranja wa Ndoo

Baba alipostaafu kazi ya kiwanda cha sabuni alibeba kiti, akakiweka uani kando ya ukuta, akakaa. Hakufuga kuku wala hakujiunga na chama chochote. Alikaa tu, kanyoosha miguu, akiimbia puani wimbo usio na maneno. Na alinawiri! Mashavu yale, ungedhani bwana harusi.

Nilipokuja likizo, mimi kifungua mimba wake, sikuweza kuvumilia. Mimi ni mwalimu mkuu. Shuleni kwangu hakuna mtoto asiye na wadhifa: yupo kiranja wa chaki, kiranja wa ufagio, hata kiranja wa dirisha la kushoto. Leo baba yangu mzazi anakaa bure, tena anafurahi? Roho iliniuma.

"Baba, mtu lazima awe na lengo."

"La nini, mwanangu?"

"La kumpa furaha."

"Mbona ninayo?"

Nikaona huyu amekwisha. Nikambandika beji ya shule kifuani, nikamteua kiranja wa ndoo ya maji ya jikoni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baba, kwa kunionea huruma, akakubali.

Wiki haikuisha, kicheko kikakauka. Baba alihamia jikoni na kiti chake, akaacha kuimba. Alitaka kujua nani kagusa kifuniko. Mama, mkewe wa miaka yote hiyo, ilibidi apige hodi ndipo achote maji. Baba akakonda. Ukimwamkia, anaitikia huku anachungulia ndoo. "Ona alivyo makini sasa!" nikawa najitetea.

Jumapili mama aliniita chumbani, akafunga mlango. Alikuwa analia.

"Tangu nikuzae sijakuomba kitu," alisema. "Nirudishie mume wangu."

Nikaenda kumwambia baba kazi imekwisha, akapumzike.

"Imekwishaje na ndoo bado ipo?" aliuliza, macho mekundu. "Namkabidhi nani?"

Nikamtazama mdogo wangu, anayeishi nao pale nyumbani. Mdogo wangu akatazama dari.

"Nikabidhi mimi, baba."

Akanibandika beji, akanionyesha upande wa ndoo wenye ufa, akanipa mkono kwa heshima zote. Kisha akabeba kiti chake, akatoka. Haukupita muda nikamsikia anaimba, mama anamcheka.

Nilipanga kukaa pale mpaka asahau, halafu nijiendee zangu. Ila kifuniko kilikuwa kimekaa upande, nikakinyoosha. Nikafuta ukingo. Nina haya kusema, lakini moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe.

"Mwanangu!" baba aliita. "Njoo ukae nasi, huku kuna upepo mzuri."

Aliniita kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, na nilitamani sana kwenda. Niliinuka. Nikafika mlangoni kabisa, nikageuka kuiangalia ndoo.

"Nakuja, baba," nilijibu, nikarudi kukaa.