Njiti ya Akida

Wallahi, haya ni kweli tupu. Hata chumvi sijatia.

Enzi za Mjerumani, Chausiku alishuka kutoka Matombo hadi boma la Morogoro, nyayo zimepasuka. Mlowezi mmoja alikuwa amepigilia vigingi katika migomba ya Chausiku, apande mpira. Kesho yake migomba ingekatwa.

Kwenye shauri kulikuwa na sheria: mwenyeji husema kwa urefu wa njiti moja ya kiberiti. Aliyeiwasha ni Stambuli, akida aliyewekwa na Mjerumani kutawala wenyeji, mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe pe.

Mlowezi alitangulia. Hakuwashiwa kitu. Alisema, akanywa maji, akasema tena, hadi watu wakahamia kivuli kingine. Bwana Shauri, yule Mjerumani mwamuzi, alikuwa akiitikia kwa kichwa.

"Haya, mama, sema." Njiti ikawaka.

Mluguru hadai ardhi kabla hajawataja mama walioishika. Akiwaruka, huyo ni mwizi. Chausiku akapiga magoti.

"Shikamooni. Mimi ni wa tumbo la Mwaisha, naye Mwaisha ni wa tumbo la..."

Akida akaipuliza njiti haijafika hata nusu. "Imekwisha. Umekuja kudai shamba au kutuhesabia wafu?"

Askari wakacheka.

"Wafu ndio wenye shamba, bwana. Wamelala humo."

"Basi waje wenyewe."

Bwana Shauri akatazama saa, akaruhusu njiti ya pili. Safari hii Chausiku aliwaruka mama zake, uso chini kama aliyevuliwa nguo hadharani.

"Migomba ni yangu. Isikatwe."

"Yako kwa ukoo gani?" akida akauliza taratibu, moto ukitambaa. "Kwa mila zenu wenyewe, asiyetaja ukoo ana ardhi?"

Chausiku akafungua kinywa. Njiti ikazima.

"Hana la kusema," akida akamwambia Bwana Shauri. Muhuri ukagongwa.

Sasa sikilizeni. Papo hapo wale mama wakafufuka, migomba ikaota upya, mlowezi akatimka peku hadi Mikese...

"Babu," akanikata Mwajuma, mmoja wa waliokaa barazani kunisikiliza, "Chausiku ndiye aliyemzaa bibi yangu. Alipalilia ile mipira mpaka akafa. Wakamzika kando ya barabara, maana makaburi ya mama zake yalikuwa ndani ya uzio wa mlowezi. Huyo aliyefufuka ni nani?"

Nikawalipia wote kahawa pale barazani.

Mwajuma akakipokea kikombe chake, akaimwaga kahawa yangu chini.