Marejeo ya Tusajigwe

Tusajigwe Mwaipyana alirudi nyumbani Njisi kwa sababu mama yake alianguka shambani akavunjika mguu. Alikuja na nguo chache, pamoja na disketi alizozifunga kwenye khanga zisipate vumbi la basi. Tasnifu yake ya shahada ya pili ilikuwa imekamilika, isipokuwa orodha ya marejeo. Ile ya kwanza aliichapa mwenyewe kwa taipureta, na msimamizi wake akaikataa. Majina yalikosewa, miaka ilipishana. "Tumia kompyuta," alimwambia, "au usubiri mwakani."

Hivyo Tusajigwe alichukua programu ya kupangia marejeo. Mkutubi wa chuo naye akamtafutia makala kwenye kanzidata ya kilimo, ambayo hutunza taarifa za tafiti kutoka dunia nzima. Alizihamishia kwenye disketi Tusajigwe akiwa tayari anakimbilia stendi, hata hakupata nafasi ya kuzisoma.

Kompyuta ya kuazima ilikuwa mtaa wa Mbugani, dukani kwa Bi Hanifa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, babu yake alitoka Kilwa. Serikali iliporuhusu biashara huria na bidhaa zikaanza kumiminika, wenzake waliongeza marobota ya nguo. Yeye akanunua kompyuta ya kuchapia kadi za harusi. Watu walimcheka.

"Ugonile, Bi Hanifa," Tusajigwe alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Anagombana na kuku akiwa kitandani."

Bi Hanifa alicheka, akamvutia kiti. Tusajigwe alipakia programu, akaiamuru iingize taarifa kutoka kwenye disketi. Mashine ikakoroma, kisha ikaleta vurugu tupu. Majina ya waandishi yalikaa mahali pa vichwa vya makala, miaka ikachanganyika na kurasa, na muhtasari mzima ukajibanza palipotakiwa jina la jarida.

"Imeharibika?" Bi Hanifa aliuliza kwa wasiwasi.

"Haijaharibika. Haielewi tunachoipa." Tusajigwe alijishika kichwa. "Labda nichape tu kwa mkono, kama zamani."

"Hapa dukani kwangu? Thubutu! Nimechekwa mtaa mzima kwa mashine hii, halafu ishindwe mbele ya mgeni? Kaa hapo. Chai inakuja."

Alikaa. Alifungua faili lenyewe, likiwa bado ghafi, akaanza kulisoma taratibu. Kila kipengele kilianza na herufi mbili: AU kwa mwandishi, TI kwa kichwa cha makala, PY kwa mwaka. Programu nayo ilikuwa ikingojea alama nyingine kabisa. Ilikuwa kama watu wawili wanaoongelea jambo lilelile kwa lugha mbili. Basi kazi yake ilikuwa kukaa katikati yao na kutafsiri.

Alitafuta ndani ya programu mahali pa kuielekeza alama ipi iende wapi. Alipopapata, Bi Hanifa alivaa miwani, akawa anamsomea alama walizozinakili kwenye karatasi, naye akizipachika moja moja. Walijaribu. Vichwa vya makala vikakaa sawa, ila waandishi waliotunga makala moja wakaungana wakawa mtu mmoja mwenye jina refu kama treni.

"Huyu ni nani tena?" Bi Hanifa aliuliza.

"Hawa ni wengi. Wametenganishwa kwa nuktamkato, lakini mashine haijaambiwa."

Akaiambia. Akafuta yote, akaingiza upya. Safari hii taarifa zilishuka kwenye kioo zikiwa zimenyooka, kila kitu mahali pake, majina yakijipanga kwa alfabeti. Tusajigwe alipiga kofi moja kubwa, mteja aliyekuwa akipima kitenge akashtuka.

Bi Hanifa, ambaye sasa alijiona mwenye mali, akawa anayasoma majina kwa sauti. Alipofika herufi M, alisita.

"Mwaipyana, T. Ni ndugu yako?"

"Wapo Mwaipyana wengi." Tusajigwe aliinama kwenye kioo. Akasoma kichwa cha makala kwa Kiingereza. Akasoma tena. Ilihusu mpunga unaostahimili mafuriko ya Mto Songwe, katika kata ya Njisi, wilaya ya Kyela.

"Bi Hanifa," alisema polepole, "huyu ni mimi."

Makala hiyo aliituma Ulaya kwa posta alipokuwa bado afisa kilimo. Baadaye alihamishwa kituo, na jibu halikumfikia. Aliamini waliitupa, akaona haya, hata hakumtajia msimamizi wake. Kumbe ilichapishwa, nayo ilikuwa imewekwa pamoja na tafiti za mabingwa aliowasoma darasani.

Bi Hanifa alitoka barazani akapiga kigelegele mpaka jirani wakatoka. "Njooni muone! Binti wa Njisi yumo kwenye kompyuta, na hakuna aliyemwandika hapa. Jina lake limetoka huko duniani!"

Jioni Tusajigwe alimweleza mama yake. Mama alisikiliza, mguu ukiwa juu ya mto. Yale majaribio ya mpunga yalifanyika kwenye majaruba yake, na mwaka ule majirani walimsema kwamba anamwachia mtoto achezee chakula.

"Wameandika Njisi?" aliuliza. "Siyo Kyela tu?"

"Wameandika Njisi, mama."

"Na mtu wa mbali akitaka kujua mpunga unaovumilia maji, atakuta jina lako?"

"Atalikuta."

Mama alivuta shuka, akajiinua kwa viwiko akakaa wima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanguke. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," alisema. "Sasa kaniitie wale majirani. Nataka uwasomee wote, kwa Kinyakyusa."