Nyungu ya Bi Mwanvua

Tumbo la Zuhra lilikuwa likijaa gesi kila akila, na hapo mtaani kwao Ujiji kila mtu alimwambia jambo moja: nenda kwa Bi Mwanvua, muuza dawa za majani, ukachukue maji ya mchaichai. Akaenda. Wiki nzima akawa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Yalikuwa na chumvichumvi kidogo, lakini yalimtuliza, naye akayasifia hata kwa mama yake.

Siku chupa ilipoisha alibisha mlango wa mbele, hakuitikiwa. Akazunguka uani.

Pale uani palikuwa na blanketi zito limejiinamia juu ya sufuria, linafuka mvuke. Ndani yake mtu aliyekuwa akijifukiza alikohoa, akakokomoa, akatema. Kisha blanketi likafunuka, akatoka Feliksi, mchukuzi wa dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, ambaye homa ilikuwa imemlaza. Mgongo umejaa majipu, jasho linamchuruzika kutoka kidevuni, tone kwa tone, hadi ndani ya sufuria.

"Pole baba, nyungu imekuingia," alisema Bi Mwanvua. Akachota kata ya maji yale yale, akayachuja kwa kipande cha kanga, akayamimina kwenye chupa.

Zuhra aliinyooshea kidole chupa ile.

"Bi Mwanvua, hayo ndiyo unayotuuzia?"

Mama wa watu alishtuka, lakini hakuona haya. "Punguza sauti, mwanangu. Yamechemka hayo. Mdudu gani anapona kwenye moto?"

"Yamechemka kabla yeye hajayainamia! Kayatemea!"

"Nguvu ya majani imebaki humo. Nimwage dawa?"

Zuhra alishika ukuta akatapika, akatapika tena hata nyongo ikatoka. Chumvichumvi ile! Kumbe siku zote alikuwa akilamba migongo ya watu.

Feliksi alikuwa amesimama na taulo mkononi, anawatazama kwa zamu. "Subiri kwanza," alisema polepole. "Ile chupa niliyompelekea mwanangu juzi, ilikuwa ya jasho la nani?"

Bi Mwanvua alifunga kizibo cha chupa.

Feliksi akaipiga sufuria teke. Majani yaliyopauka yakatapakaa uani, yamenata kwa makohozi, na inzi wakayavamia papo hapo.

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Wanawake walirudisha chupa, wengine wakazimwaga mlangoni kwake huku wakitema mate. Bi Mwanvua alijifungia ndani, na tangu hapo hakuna aliyekwenda tena kwake, hata kwa kujifukiza tu.

Mama yake Zuhra alikata mchaichai mbichi nyuma ya nyumba, akauosha mbele ya macho ya bintiye, akauchemsha na tangawizi.

"Kunywa, mwanangu. Huu ni wetu, umeuona mwenyewe."

Zuhra alikisogeza kikombe mdomoni. Harufu ilipompanda puani, aliuona mgongo wa Feliksi. Akakirudisha mezani, akakimbilia nje na kiganja mdomoni.