Kuta za Udongo Katika Mwezi Mkavu

Paa la nyumba yangu liliezuliwa mwanzoni mwa mwezi ambao, miaka mingine, hata kuku hutembea wamelowa. Msiniulize kwa nini nilikubali wakati kama huo. Fundi nilimwita tangu kiangazi, na kila nilipomfuata alinijibu, "Kesho, mama." Ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Kesho; jina alilopewa na mama yake tumeshalisahau. Alipotokea hatimaye, ngazi begani, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kilimani. Nikaona nikimrudisha, sitamwona tena.

"Siku chache tu, mama. Nabandua mabati, nabadilisha mbao moja mbili, narudisha. Utakuwa umerudi kulala kwako kabla hujajua umehama."

Mabati yalipobanduka tukakuta mchwa wamekula kenchi zote. Ukigusa mbao, kidole kinazama kama kwenye mkate. Mbao mpya zikaja mbichi, ukizipiga msumari zinatoa maji. Kesho akakuna kichwa, akasema lazima zikauke kwanza, la sivyo paa litapinda kama ndizi. Akazipanga uani juu ya mawe, akanionyesha namna ya kuzigeuza, akaenda zake.

Nikabaki na nyumba ya kuta tupu, na kuta zenyewe ni za udongo. Matofali yale aliyafyatua marehemu mume wangu kwa mikono yake, wala hakuyachoma. Tofali la namna hiyo likiwa chini ya paa linadumu kuliko mwenye nyumba. Likinyeshewa kwa juu, linarudi kuwa tope. Chumbani kwangu, karibu na dirisha, lipo moja lenye alama ya kiganja chake. Alilibonyeza likiwa bado laini, kwa mzaha, akasema, "Hili lako. Ukinikosa, ligonge." Turubai nililokuwa nalo lilitosha kufunika cherehani na majora ya vitambaa vya sare za shule ninazoshona. Kwa kuta sikuwa na kitu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alinichukua siku ile ile. Nyumba yake iko ng'ambo ya uzio wangu, ua kwa ua.

"Lete godoro," aliniambia. "Lakini ukikoroma nakurudisha kwako, ukakoromee nyota."

Wifi analima. Shamba lake linateremka nyuma ya nyumba zetu mpaka kisimani, na ndilo linalomlisha mwaka mzima. Alikuwa ameshapanda mahindi kwenye manyunyu ya kwanza, nayo yalikuwa yametoka ardhini, mistari imenyooka kama mshono. Kilichobaki ilikuwa mvua tu.

Wingu la kwanza la maana lilikuja jioni, jeusi, limeshuka mpaka kwenye miti ya kilima. Wifi alisimama mlangoni amekinga mikono yote miwili kama mtoto anayesubiri kupewa pipi. Nikamwambia nakwenda kugeuza mbao. Sikwenda kwenye mbao. Nilikwenda chumbani kwangu, mbingu wazi juu ya kichwa, nikaweka kiganja changu juu ya kile cha ukutani, nikasema, "Bwana, izuie. Izuie mpaka paa lirudi." Nilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsengenya jirani aliye chumba cha pili.

Mara upepo ukainuka kutoka bondeni, wa moto, umejaa vumbi, na wingu likapasuka katikati. Nikashukuru. Niliporudi, mikono ya wifi ilikuwa imeshuka.

"Imekwenda wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeisindikiza.

"Ni upepo tu, wifi."

"Upepo huu una wazimu. Mwezi huu? Huu si mwezi wake!"

Ikawa ndiyo desturi ya mwezi mzima. Asubuhi mbingu safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mchana mawingu yanapandiana kilimani mpaka mtu unaanua nguo. Jioni upepo ule wa bondeni unakuja na kuyasomba yote, na kina mama wakaupa jina, wakauita Mfagio. Nami kila wingu lilipokuja juu nilikumbuka mbao zangu. Ungenisikiliza, zilikuwa zinageuzwa kuliko mgonjwa wa kitandani.

Redioni mtaalamu wa hali ya hewa alieleza. Alisema kuna mgandamizo mkubwa wa hewa uliokaa mahali ambapo haukutakiwa kukaa, kwamba ukanda wa mvua umekwama mbali nasi, na kwamba ukavu huu umeshika nchi yote ya bondeni hadi nyuma ya milima.

"Huyu anajua kila upepo kwa jina," wifi akasema, akizima redio. "Ngoja nimwite aje asalimiane na mahindi yangu."

Mimi nilipata faraja. Nchi nzima, nikajiambia, mpaka nyuma ya milima. Basi si mimi. Siku iliyofuata wingu likaja, nikajikuta nimeshaingia chumbani, kiganja ukutani. Kama haikuwa mimi, nilikuwa nafuata nini mle?

Jumapili mchungaji alitangaza maombi ya mvua. Macho yake yakazunguka kanisani yakatua kwangu.

"Mama yetu atuongoze. Tunajua maombi yake hayaanguki njiani."

Wifi akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda, mwambie. Mwambie na jina la shamba langu."

Nikasimama. Nimeomba mbele ya watu tangu nikiwa mke kijana, sijawahi kukosa neno. Siku ile kila neno nililolishika niliona mwisho wake kuta zangu zinateremka. Nikasema, "Bwana, tunakuomba mvua, kwa wakati ule utakaoona wewe unafaa." Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa nguvu, "Leo, Bwana!" na wengine wakadakia, "Leo! Leo!" Nikakaa chini haraka kama mtu aliyesimama mahali pa mwenzake na mwenyewe yuko mlangoni.

Njiani wifi alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

"Wifi, leo umempa Mungu nafasi kubwa."

"Nafasi gani?"

"Sisi wote tunasema leo, wewe unasema wakati wake. Mjukuu wako alipokuwa na homa ulisema 'sasa hivi, Bwana, sasa hivi,' mpaka nikadhani mnagombana."

Akacheka. Nami nikacheka, na nilijisikia jinsi nilivyokuwa nikicheka. Tulipokula aliniwekea chakula kingi kuliko chake. "Kula ushibe," akasema. "Wewe ndiye mjumbe wetu huko juu." Nilikimaliza chote, maana ningekiacha angeniuliza kama naumwa.

Mahindi yakaanza kujikunja majani kama sigara. Kisima kilikuwa kimeshuka, kamba tumeiongezea kipande cha pili, na maji yalikuja na tope. Tulianza kunywesha shina kwa shina, mimi nabeba ndoo, yeye anamimina kwa kikombe. Mistari ya chini ilikuwa imekwisha kuwa majani makavu; alipita bila kuitazama, kama mtu anavyopita penye msiba asiouweza.

Asubuhi moja alisimama katikati ya shamba, kikombe mkononi.

"Wifi, nikuulize kitu. Nimemkosea nini Mungu?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Natafuta, sioni. Labda ni yale maneno niliyosema kaka alipokufa. Nilisema Mungu hana huruma, na watu walinisikia. Labda alinyamaza tu, akaniwekea."

Alisema bila kulia, anakwangua udongo kwenye kikombe kwa kucha. Nami nikaona kwamba nikinyamaza hapo, nitakuwa nimechukua mahindi yake na kumwachia yeye dhambi.

Nikatua ndoo.

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi. Nimekuwa nikiomba isinyeshe."

Alinitazama kama hajaelewa lugha.

"Kwa ajili ya kuta. Kila wingu likija. Nilikuwa siendi kugeuza mbao."

"Kila wingu?"

"Kila wingu."

"Ukitoka nyumbani kwangu."

"Ndiyo."

"Ukitoka kwenye chakula changu. Na mimi nakwambia, nenda wifi, zigeuze zisije zikaoza."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya redio, mgandamizo na ukanda, ili nimwonyeshe kwamba hata hivyo isingenyesha. Nikayaacha. Mvua ilizuiwa na nani, hilo Mungu analijua. Niliyoyataka mimi, yale nilikuwa nayajua mwenyewe.

Wifi akaweka kikombe chini. Kisha akasema polepole, "Kuta zile alizijenga kaka yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namchotea maji ya kukandia udongo. Ungeniambia, tungezifunika. Kwa mabua, kwa mablanketi yangu, kwa chochote. Wewe ukaona ni rahisi kumwambia Mungu kuliko kuniambia mimi."

Akainama, akashika kikombe. "Lete maji."

Tangu hapo hakunitania tena. Aliniambia "karibu chakula" kama mgeni, "umeamkaje" kama mgeni, na akanitandikia godoro ambalo siku zote nilikuwa nalitandika mwenyewe. Mtu akikutukana unajua pa kushika. Adabu ile ilinivua nguo. Nilifikiri kuhama, nikalale chini ya turubai na cherehani yangu, lakini hiyo ingekuwa kumfanya aonekane mbaya mbele ya majirani, juu ya yote.

Kwenye maombi ya katikati ya juma sikungoja kuitwa. Nilisimama mwenyewe nikasema kwa sauti ya kutosha kufika benchi la wifi, "Leo, Bwana. Iwe na paa, iwe bila paa. Leo." Watu waliitika kwa furaha. Wifi alikuwa ametazama chini, sikusikia amina yake. Na jioni ile Mfagio ukapita kama kawaida, na iliyofuata ukapita, na mimi nikasimama uani nje kabisa, mbali na chumba, ili kama wifi anatazama anione nilipo.

Hatimaye Kesho akaja. Akagonga mbao kwa nyundo, akaweka sikio.

"Sikia hiyo, mama! Zinalia kama kengele. Jua hili limekupenda wewe peke yako."

"Fanya kazi, fundi," nikamwambia.

"Ah, leo mama amekasirika! Nimekuja, bado anakasirika!"

Alipandisha kenchi, akapigilia, mimi nampa mabati kutoka chini. Alikuwa amekalia kofia ya paa, misumari ya mwisho mdomoni, wingu lilipokuja juu ya kilima. Nikasubiri upepo. Haukuinuka. Hewa ilisimama, kuku wakaingia ndani wenyewe, na tone la kwanza likapiga bati karibu na goti lake.

Kesho alishuka ngazi anacheka. Waliokuwa njiani wakakimbilia kwangu kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu, na mchungaji mmoja wao, begi juu ya kichwa. Chumba changu kikajaa watu waliolowa, wanapiga kelele kushinda bati.

"Msumari wa mwisho, tone la kwanza!" Kesho aliwaambia. "Nimeona kwa macho yangu! Mungu amemsubiri mama huyu!"

"Mungu wa wajane!" mmoja akapokea, na wakanipigia makofi. Makofi kweli.

"Jumapili utatupa ushuhuda, mama," mchungaji akasema, macho yanamng'aa. "Watu wanahitaji kusikia."

Kiganja cha marehemu kilikuwa ukutani palepale, kikavu. Sikuweza kukigusa mbele yao. Kupitia dirishani niliona shamba, na katikati yake wifi, kitambaa kimemshika kichwani kwa maji, anapiga jembe kwenye mistari ile iliyokufa. Alikuwa anapanda upya, mbegu alizozibakiza, zile za kuanzia mwaka ujao.

"Nitasimama Jumapili, mchungaji," nikasema. "Ila ushuhuda wenyewe hautapigiwa makofi."

"Una maana gani, mama?"

"Utausikia pamoja na wengine." Nikaelekea mlangoni.

"Mama, utalowa!" Kesho akaita. "Nimekuezekea kwa kazi gani sasa?"

Tope lilikuwa limeshaanza kushika miguu. Wifi hakugeuka nilipofika.

"Umefuata nini huku?" akasema, anaendelea kuchimba. "Si una paa?"

"Nimefuata mbegu."

Alichimba shimo jingine, na jingine. Maji yalikuwa yanamtiririka puani.

"Ziko kwenye bakuli," akasema. "Mbili kila shimo. Usimwage kama unalisha kuku."

Nikalichukua bakuli, nikamfuata nyuma. Tulikwenda mstari mzima, yeye anachimba, mimi nafukia. Kutoka kule tulikokuwa, mvua ilisikika juu ya bati langu jipya kuliko mahali pengine popote mtaani.

"Lisikie linavyopiga kelele," wifi akasema, mgongo bado ukiwa kwangu.

"Nalisikia, wifi."

"Haya. Lisikie."

Nikainama kwenye shimo lililofuata.